Msalaba wa Shaba Uliowekwa Mezani

Nilifundisha historia kwa miaka 11 katika shule ya sekondari hapa Lubumbashi bila kusahihishwa na mtu hata mmoja, na hilo ndilo lililoniponza. Mwalimu anayesimama kila asubuhi mbele ya watoto 55 wasio na kitabu huzoea kusikilizwa, na mazoea hayo hujigeuza polepole kuwa imani kwamba anachokisema ni kweli kwa sababu amekisema yeye. Mwaka 2019 redio moja ndogo ya huku Katuba iliponipa nusu saa kila Jumamosi jioni ili nisimulie habari za kustaajabisha za historia ya dunia, niliingia studio na mazoea hayo hayo.

Kipindi hakikuwa na malipo. Mega za intaneti nilizinunua mwenyewe, dola sita hivi kwa mwezi, na mke wangu aliziita sadaka ya redio. Miezi ya kwanza niliimaliza kwa habari zilizokuwa zikizagaa kwenye simu za watu: kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini, na kwamba Napoleon alikuwa mfupi kama mtoto. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kukanushwa na Mchina mwenyewe, Yang Liwei, ambaye alikwenda angani mwaka 2003 na aliporudi akasema kwamba hakuuona ukuta huo, ingawa hakufika mbali kama mwezini. Ya pili ilizaliwa kwa sehemu katika vipimo, maana futi na inchi za Kifaransa cha zamani zilikuwa ndefu kuliko za Kiingereza, na ukizibadilisha vizuri unampata mtu wa sentimita kama 168, kimo cha kawaida cha mwanamume wa Ufaransa wa wakati wake. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule ubora wa habari niliupima kwa wingi wa watu waliopiga simu baada ya kipindi, na kwa kipimo hicho Napoleon mfupi alinifaa sana.

Kosa lililoniamsha lilihusu kitu cha nyumbani kwetu. Novemba 2019 nilieleza hewani asili ya misalaba ya shaba ya Katanga, ile iliyotumika zamani kama fedha na ambayo mitatu kati yake iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Nilisema, tena kwa sauti ya mtu anayefunua siri, kwamba wafua shaba wetu waliiga umbo hilo kutoka kwa wamisionari. Nilikuwa nimelisoma mahali fulani, au nilidhani nimelisoma. Lilipendeza, kwa kuwa liliunganisha kanisa na mgodi, vitu viwili ambavyo kila familia ya mji huu inavijua.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa studio. Alikuwa mstaafu wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, na magotini pake alikuwa na furushi la kitenge. Hakunisalimu kwa maneno mengi. Aliniuliza, "Mwalimu, ile ulisema ku radio, nani alikuambia?" Nikamjibu, "Baba, nilisoma." Akafungua kitenge, akaweka juu ya meza msalaba wa shaba alioachiwa na babu yake.

Nilikuwa nimeufundisha msalaba huo kwa miaka 11 bila kuushika hata mara moja. Ulikuwa mrefu kama kiganja changu pamoja na vidole, na mzito kuliko nilivyotazamia, hata mkono ulishuka nilipoupokea. Upande mmoja ulikuwa laini kiasi, na upande wa pili ulikuwa umejaa vijishimo vilivyoachwa na udongo wa kalibu. Mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mitatu mingine, na katika pembe, pale mikono inapokutana, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Mzee aliuzungusha polepole mezani mpaka nikauona jinsi ulivyo: mikono minne iliyotanuka kwa mshazari, kama alama ya kuzidisha kwenye daftari la hesabu. "Balimupigilia Yesu misumari ku muti ya hivi?" aliniuliza. Fundi wa mitambo alicheka nyuma ya kioo, na mimi nikahisi joto likipanda masikioni.

Nilichokifanya wiki zile mbili zilizofuata ndicho nilichopaswa kukifanya kabla ya kufungua mdomo. Niliacha kuuliza kama habari inavutia, nikaanza kuuliza kama tarehe zake zinaweza kukaa pamoja. Misalaba hii imechimbuliwa makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, ambako wanaakiolojia walianza kazi kubwa mwaka 1957 na 1958. Makaburi ya zamani zaidi yenye misalaba ni ya karne ya 13 au ya 14. Diogo Cão, Mreno wa kwanza kufika mlangoni pa mto Kongo, alifika mwaka 1482, tena huko pwani ya Atlantiki, mbali mno na huku. Frederick Stanley Arnot, mmisionari aliyefika Bunkeya kwa Mfalme M'siri, alifika mwaka 1886. Kwa hiyo wamisionari niliowataja walikuwa na pengo la miaka mia kadhaa, na kosa hilo lingeweza kugunduliwa na mwanafunzi yeyote mwenye kalamu na uwezo wa kutoa.

Tena ukweli ulikuwa mtamu kuliko uzushi wangu, na jambo hili lilinichoma zaidi ya aibu yenyewe. Misalaba ya makaburi ya mwanzo ni michache na mikubwa, kama kwamba ilikuwa mali ya shughuli maalumu. Kadiri karne zinavyosogea inakuwa midogo, inafanana kwa ukubwa, na inaongezeka, nayo hukutwa kiunoni au mikononi mwa wafu. Unaweza kuitazama fedha ikizaliwa, kaburi baada ya kaburi, mikononi mwa watu ambao vitabu vyetu vya shule viliwaeleza kana kwamba walikuwa wamekaa wakisubiri kugunduliwa. Nilikuwa nimeitupa habari hiyo na kuweka mahali pake porojo.

Niliomba radhi hewani. Wanafunzi waliniita Mwalimu Msalaba kwa muhula mzima, na mkurugenzi wa shule aliniuliza, kwa upole uliokuwa na mwiba, ni mambo mangapi mengine niliyowafundisha kwa namna hiyo. Sikuwa na jibu. Nilianza daftari jipya ambalo kila ukurasa niliugawa kwa mstari wa wima: kushoto niliandika nilichosikia, kulia niliandika nani angeweza kukiona na lini. Nampendekezea kila mtu anayetaka kusimulia historia kwa umma daftari la aina hiyo. Si ghali, na upande wa kulia ukibaki mtupu unajua kwamba huna cha kusema Jumamosi.

Daftari lilinilazimisha pia kupunguza maneno makubwa. Nilikuwa nimetangaza kwamba mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 na Jean de Heinzelin ufukweni mwa Ziwa Edward, ni kikokotoo cha kwanza cha binadamu. Niliyoweza kuyaandika upande wa kulia yalikuwa machache zaidi: mfupa wenye umri wa miaka kama 20,000, unaohifadhiwa Brussels, wenye chale zilizopangwa katika safu tatu, na safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Maana ya chale hizo wataalamu wanaibishania bado. Niliporudi hewani nikasema hivyo tu, watu walipiga simu kuliko mara ya kwanza, kila mmoja na maelezo yake, na fundi seremala mmoja akaniambia kwamba hata yeye huchanja mpini wa nyundo anapohesabu mbao anazodaiwa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba habari za kweli nazo zilikataliwa. Nilisimulia kwamba Vita Kuu ya Kwanza haikumalizikia Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, bali jirani yetu hapa, katika nchi ya leo ya Zambia: Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck aliingia Kasama tarehe 13, siku mbili baada ya mapatano ya Ulaya, akapata habari za mapatano hayo karibu na mto Chambeshi, na kusalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Msikilizaji mmoja alipiga simu akanishauri niache kutunga, akanikumbusha msalaba. Ukishadanganya mara moja, hata kwa bahati mbaya, deni hulipwa na habari zako za kweli.

Sasa nieleze upumbavu wangu wa Juni 2021, ambao uligharimu dola 40 na siku mbili. Nilikuwa nimesema hewani kwamba urani ya Shinkolobwe, mgodi wa huku kwetu Katanga, ndiyo iliyotengeneza mabomu yote mawili ya atomiki yaliyoangushwa Japani, na kwamba Wamarekani walikuja kuichukua huku haraka haraka vita vilipokaribia kwisha. Baada ya yale ya msalaba niliona nisimame juu ya shimo lenyewe kabla ya kurudia habari hiyo. Nikapanda basi hadi Likasi, kilomita kama 120, nikalala kwa ndugu wa mke wangu, asubuhi nikakodi pikipiki. Sikuwa na barua wala ruhusa. Nilikuwa na kofia na chupa ya maji.

Kizuizini mlinzi mmoja alichukua simu yangu, akakaa nayo saa tatu, akazitazama picha za ubatizo wa binti yangu moja baada ya nyingine. Mimi na dereva wa pikipiki tulikaa chini ya mti bila kusemezana, na nilielewa kwamba nimemwingiza kijana wa watu katika hatari kwa ajili ya nusu saa ya redio. Mgodi ule ulifungwa kwa amri mwaka 2004, na mwaka huo huo ukaporomoka na kuua wachimbaji wadogo. Mtu hapaswi kuuendea, kwa sababu ya udongo wake na kwa sababu ya sheria. Hata kama ningefika kwenye shimo, lisingeniambia chochote kuhusu mwaka 1940.

Majibu yalikuwa kwenye karatasi. Madini yale yaligunduliwa mwaka 1915 na kuchimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu, si kwa ajili ya bomu. Edgar Sengier, aliyeongoza Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, alisafirisha tani kama 1,200 za mawe hayo mwaka 1940 na kuyaweka ghalani Staten Island, New York, kabla Marekani haijaingia vitani. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipokwenda ofisini kwa Sengier, New York, kuulizia urani ya Kongo, aliambiwa kwamba iko tayari mjini humo humo. Ubora wake ulifikia asilimia 65 ya oksidi ya urani, wakati mawe ya Marekani na Kanada yalikuwa chini ya asilimia moja. Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani, na la Nagasaki la plutoniamu, ambayo ilitengenezwa kwa kupitisha urani katika mitambo ya Hanford, hivyo neno langu "yote mawili" lilihitaji maelezo marefu ambayo sikuwa nimeyatoa. Kilichonikaa moyoni ni lile ghala. Kwa mzigo huo hakuna aliyekuja haraka haraka. Mawe yetu yalikuwa yamekwisha kuondoka, yakasubiri miaka miwili kwenye mapipa, na waliokuwa wameyachimba hawakujua yanasubiri nini.

Kwa anayetaka kufuata karatasi za namna hii, nashauri aanze na barua. Mimi nilizungushwa siku nne katika ofisi moja ya hifadhi ya nyaraka kwa sababu barua ya shule ilikuwa na sahihi bila muhuri, na siku ya tano muhuri ulipopatikana mwenye ufunguo alikuwa msibani. Piga picha kila ukurasa pamoja na jalada lake, la sivyo utajikuta, kama mimi, na kurasa 30 nzuri zisizojulikana zilitoka wapi. Nenda na noti ndogondogo za fotokopi, maana chenji haipatikani kamwe.

Baada ya hapo niliingia katika ugonjwa wa pili, na huu naona ni mbaya kuliko wa kwanza. Nilianza kuwasahihisha watu. Baba mkubwa wangu, ambaye ni Myeke, yaani wa kabila la M'siri, amekuwa akitusimulia tangu utoto kwamba kichwa cha M'siri kilikatwa, kikatiwa katika debe la mafuta, na kwamba kilimuua kila aliyekibeba. Nilimletea tarehe zangu. M'siri aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Omer Bodson, wa msafara uliokuja kwa jina la Leopold wa Pili wa Ubelgiji lakini ukaongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, huku wapagazi na askari wake wengi wakiwa wameajiriwa Zanzibar. Nilimwambia kwamba laana si ushahidi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza hao wazungu walikufa lini. Ilinibidi niseme: Bodson alipigwa risasi palepale akafa, na Stairs alikufa kwa malaria Chinde, Juni 1892, hata miezi sita haijatimia. Baba mkubwa akajimiminia chai. Mimi nilikuwa na tarehe, lakini yeye ndiye aliyekuwa amezipanga.

Ningeelewa somo hapo, nisingefanya nililolifanya Desemba mwaka ule wa 2021. Ilikuwa inatimia miaka 80 tangu mgomo wa wafanyakazi wa migodi wa 1941, na nilitaka kipindi maalumu. Karatasi nilikuwa nazo. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita. Wafanyakazi weupe waligoma kwanza, na Desemba wakafuata weusi, wakidai malipo yapande kutoka faranga 1.50 hadi 2. Tarehe 9 Desemba askari walifyatua risasi juu ya umati uliokusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, na waliouawa huhesabiwa kuanzia chini ya hamsini hadi sabini, kutegemea ni nani anayehesabu. Siku mbili kabla Wajapani walikuwa wameshambulia Pearl Harbor, na wiki hiyo vitabu vya dunia vimeipa Hawaii peke yake. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tayari Staten Island, mali ya kampuni ile ile iliyokuwa ikidaiwa nusu faranga.

Kijana mmoja wa Kamalondo aliyekuwa akisikiliza kipindi alinipeleka kwa bibi yake. Alikuwa na miaka 88, kwa hiyo mwaka ule wa mgomo alikuwa mtoto wa miaka minane katika kambi ya wafanyakazi. Mjukuu alimwita Kambo, yaani bibi kwa Kiswahili cha huku, nami nikamwita vivyo hivyo. Alikuwa ameketi uani anapepeta mchele, na alianza kusimulia bila kuacha kupepeta. Mama yake alikuwa anasonga bukari, yaani ugali. Milio ya kwanza ilisikika kama mahindi yanayopasuka kwenye kikaango, na mama yake akaiinua sufuria motoni kwa mikono mitupu, akaungua viganja vyote viwili, lakini hakuiachia mpaka alipoiweka chini. Baba hakurudi hadi usiku. "Ilikuwa siku ya Mungu," alisema, "watu wote balikuwa ku mpira."

Nami nikamkatiza. Nilimwambia, mbele ya mjukuu na majirani wawili waliosimama kwenye ua wa matofali, kwamba tarehe 9 Desemba 1941 haikuwa Jumapili, ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimeihesabu, na ni kweli ilikuwa Jumanne. Kambo aliacha kupepeta. Alinitazama kwa muda, akasema, "Kama unajua, andika tu weye," akarudia mchele wake.

Nilipofika barabarani ndipo nilipofahamu alichokuwa amenipa. Mtoto wa miaka minane alijua kwamba watu hujaa uwanjani Jumapili, siku ya mpira. Kumbukumbu yake ilikuwa imeipa siku ile jina la Jumapili kwa sababu hakuna siku nyingine ambayo umati ule ungeeleweka kwake. Kosa la siku lilikuwa na habari ndani yake kuhusu uwanja ule ulikuwa nini kwa watu wa kambi, na hakuna ripoti ya ofisi inayoweza kunipa hilo. Kazi ya kuhesabu siku ilikuwa yangu, nyumbani, usiku, upande wa kulia wa daftari.

Nilirudi mara tatu. Nilipeleka sukari na sabuni, alinipokea vizuri, aliniuliza hali ya watoto, tukazungumza juu ya kuku wake na juu ya maji yanayokatika. Kila nilipoukaribia uwanja wa mpira aliniambia kwamba yale nimekwisha kuyaandika. Kipindi kilirushwa na dakika nne za habari zake, zile za sufuria. Alifariki mwaka 2023.

Kwenye matanga nilikaa na mjukuu wake nje, karibu na moto. Aliniambia kwamba jioni ile ile niliyoondoka, Kambo aliendelea kumsimulia yeye, mpaka baba yake aliporudi na alichorudi nacho. Kijana hakuandika wala kurekodi, kwa kuwa alidhani mimi ninayo yote. Anakumbuka kwamba ilihusu viatu, lakini hakumbuki vya nani.